Sahihi ya Chumba Namba Nane

Foleni ya ofisi ya ardhi ilifika hadi barabarani. Fundi cherehani, ndani ya gauni la maua ya njano, akakanyagwa mguu na fundi saa.

"Macho umeyaacha nyumbani, kaka?"

"Samahani, dada. Nafuatilia chumba alichoniachia marehemu shangazi. Namba nane, nyuma ya soko."

"Namba nane? Si ndimo ninamoshonea! Nimekuja kuuliza kimeangukia kwa nani."

Wakacheka. Kicheko kikazaa chai, chai ikazaa simu za kila jioni. Miezi saba baadaye fundi saa akasema, "Mpenzi, nikuoe."

Moyo wa fundi cherehani uliitika, kichwa kikauliza: nikikataa, nitashonea wapi? Nikikubali, si watasema nimeolewa na chumba? Akajibu, "Sijui."

Fundi saa akapotea wiki nzima. Kisha karani wa wakili akaleta bahasha. Ndani mna hati ya kuhamisha umiliki: chumba namba nane kinatoka kwa fundi saa, kinakwenda kwa fundi cherehani. Mwenzake ameshatia sahihi; iliyobaki ni yake.

Mtu hugawa vitu akiwa anaaga, aliwaza. Akapiga simu.

"Ndiyo unaniacha? Hiki ndicho kiinua mgongo changu?"

"Kukuacha? Nani kasema?"

"Karatasi!"

"Roho yangu, sikuelewi. Njoo kwa wakili."

"Hata mimi sijielewi!"

Alifika amevaa kiatu kimoja chekundu, kingine cheusi. Fundi saa alikuwa kakaa, shati jeupe limeloa jasho.

"Uliposema hujui, nikajiona namposa mpangaji wangu. Mpangaji atanikataaje? Chukua chumba, unikatae ukitaka."

"Nikikukataa, hutakidai?"

Wakili akadakia, "Hawezi. Ukishatia sahihi ni chako, umpende usimpende."

Fundi cherehani akamtazama yule mwanamume. Mtu mzima, kajifungia nje mwenyewe na ufunguo kaugawa! Akashika kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi kwa herufi.

"Haya, niambie," fundi saa akanong'ona.

"Mbele ya wakili? Mimi nina kwangu. Njoo ubishe hodi kama watu."

Akatangulia chumba namba nane. Hata hajaketi, mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Nani?"

"Fundi saa. Nimefuata jibu."

"Basi pita, mume wangu. Na viatu uvue, nilideki asubuhi."