Siku Tisini za Randu Kiponda

Wenzangu wa Changamwe, Jomvu na Miritini, ninyi mnaowahi barabarani kabla jua halijachomoza, nisikilizeni niwaeleze yaliyompata Randu Kiponda. Siyasimulii ili kumwaibisha. Mwenyewe ametaka yajulikane, asije mwengine akayarudia.

Jumapili moja ya mwezi wa Juni, baada ya ibada, Randu alikuwa amekaa barazani kwake Miritini akinywa chai ya tangawizi. Uani tuktuk zake sita zilikuwa zimeoshwa na kupangwa safu moja. Wapangaji wa vyumba vya nyuma walikuwa wakianika nguo na kutaniana. Mkewe, Phoebe, alikuwa akipepeta mchele huku akiimba pambio la asubuhi ile. Kwa miaka tisa tuktuk hizo zilibeba wafanyakazi wa bandari, wauguzi wa Port Reitz na abiria wanaoshuka treni, na Randu alikuwa akijulikana kwa jambo moja: neno lake halikuwa na mashaka.

Mara akaingia Mansur, dereva wake wa tangu siku ya kwanza, simu mkononi.

"Salaam aleikum, tajiri. Umesikia habari ya tuktuk za umeme?"

"Aleikum salaam, Mansur. Habari gani?"

"Serikali imeondoa ushuru. Mwenye biashara akinunua za umeme, hatozwi. Wallahi, nimesikia redioni kwa masikio yangu."

Jioni hiyo Randu alitafutiwa tangazo lenyewe, kurasa tatu. Yeye alisoma ya kwanza, ile yenye maneno matamu. Phoebe alisoma zote tatu, kisha akamwita mumewe mezani.

"Baba Kafedha, hapa pana masharti. Tuktuk za petroli lazima ziondoke barabarani kwanza. Halafu, ukishasajili za umeme, una siku tisini uwe na mahali pa kuchajia penye mita yake, palipokaguliwa na mkaguzi mwenye leseni. Siku zikipita huna cheti, msamaha wa ushuru unafutwa na leseni ya biashara pia."

"Mita ni karatasi tu, mama. Karatasi zitafuatwa."

"Tuulize kwanza inachukua muda gani."

"Tukingoja kuuliza, wengine watatutangulia."

Basi Randu akauza tuktuk zote sita za petroli. Agosti zikafika za umeme, zimeng'aa, kimya kabisa zikitembea. Watu walitoka nje kuzitazama. Zilisajiliwa, na siku tisini zikaanza kuhesabika.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ofisi ya umeme ilimwambia transfoma ya mtaa ni ndogo, alete barua ya kaunti. Kaunti ikataka ramani ya kiwanja. Alipopeleka ramani, karani alimpa fomu ya kituo cha petroli, kwa sababu fomu ya kuchajia tuktuk ilikuwa haijatengenezwa. Fomu ile iliuliza matangi ya mafuta yamezikwa kina gani. Randu aliandika "hakuna matangi." Ilirudishwa kwa kuwa haikujazwa sawasawa.

Sikieni, jamani, sisemi serikali ilikuwa na nia mbaya. Nasema aliyeandika tangazo na aliyekaa dirishani hawakuwa wameonana.

Kufikia siku ya sitini tuktuk nne zilikuwa zimesimama uani chini ya maturubai. Ziliweza kuchajiwa mbili tu kwa soketi ya sebuleni, tena kwa kupokezana. Madereva wanne walikuwa nyumbani. Randu hakulala vizuri, akawa mkali kwa binti yake Kafedha kwa makosa madogo, na kila simu ikilia alishtuka.

Katika hali hiyo akaja Dorcas, mama mwenye magari ya kusambaza mikate huko Port Reitz. Naye alikuwa amekwama kwenye jambo lilo hilo.

"Kaka Randu, tuko wenye biashara kumi na saba. Alhamisi tunakwenda pamoja kwa wakuu kuomba muda uongezwe. Tukienda wengi watatusikia. Njoo."

"Nitaona, dada," Randu akajibu. Moyoni alikuwa ameshaamua. Hakutaka watu waone kwamba Randu Kiponda naye amekwama. Alhamisi hakwenda, na Dorcas alipompigia simu baadaye hakupokea.

Siku hiyo ya Alhamisi, badala ya kwenda mkutanoni, alikuwa uani na fundi mmoja aitwaye Gedion, kijana wa bara aliyekuwa amepanga karibu na stesheni.

"Mzee, hii ni kazi ndogo," Gedion akamwambia. "Tunavuta laini moja kwa moja kutoka kwa nguzo, haipiti kwenye mita. Tuktuk zote sita zinachaji mara moja. Na cheti nitakuletea, kina muhuri na kila kitu."

"Na mkaguzi akija?"

"Ataona cheti. Wao hupenda karatasi."

Randu alijua jibu alilopaswa kutoa. Alilijua vizuri kabisa. Akatazama maturubai yale, akasema, "Fanya."

Phoebe aliporudi kutoka sokoni alikuta waya mweusi umeshuka kutoka nguzoni, umepita juu ya mabati na kuingia kwenye kibanda cha kuchajia tuktuk. Aliweka kikapu chini, akaunyoshea kidole.

"Umekaguliwa na nani huu?"

"Mambo ya kazi niachie mimi."

"Mtoto wetu anapita hapa. Wapangaji wanapita hapa."

"Mama Kafedha, nimesema niachie."

Kesho yake madereva waliitwa kazini. Mansur aliuzunguka ule waya, akainama, akatazama mahali ulipounganishwa kwa utepe.

"Tajiri, huu una usalama?"

"Umepimwa. Cheti hicho ukutani."

Mansur alikitazama cheti, akamtazama tajiri wake, akatabasamu. "Alhamdulillahi. Ukisema wewe, basi."

Randu aligeuka upesi akajifanya anatafuta ufunguo. Miaka tisa hakuwahi kumdanganya mtu yule.

Kazi ikaanza tena, lakini amani haikurudi. Gari lolote jeupe likipunguza mwendo karibu na lango, Randu aliacha alilokuwa akifanya akachungulia kama ni mkaguzi. Lavender, muuguzi aliyepanga chumba cha nyuma, alilalamika kwamba taa yake inafifia na kuwaka. Phoebe alisema anasikia harufu ya plastiki inayoungua. Randu alinunua utepe mwengine akazungushia. Alijiambia kwamba mita ikitoka ataukata waya ule siku hiyo hiyo.

Siku ya sabini na nane mvua ya vuli ilinyesha tangu alfajiri. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yalikuwa yametuama uani hadi kwenye vifundo vya miguu. Mansur aliwahi kama kawaida, akavua viatu, akaingia kibandani kuchomoa tuktuk yake.

Randu, aliyekuwa barazani, alisikia mlio mmoja mfupi kama wa mtu aliyekabwa. Alipotazama alimwona Mansur amesimama, mwili unatetemeka, mkono wa kulia umeng'ang'ania waya, macho yametoka.

"Zima umeme!" Phoebe akapiga kelele. "Baba Kafedha, zima!"

Randu alikimbilia swichi kubwa, akaishusha. Taa zote za nyumba zikazimika. Mansur aliendelea kutetemeka.

Akaipandisha, akaishusha tena kwa nguvu. Ndipo akili ilipomrudia: waya ule haukupita kwenye swichi. Haukupita kwenye mita. Yeye ndiye aliyesema ufanywe hivyo, na sasa hapakuwa na kitu chochote ndani ya nyumba yake kinachoweza kuuzima. Alisimama pale, mkono kwenye swichi isiyo na faida.

Ni Phoebe aliyefanya la kufanya. Aliuchukua mchi wa kinu jikoni, mkavu, mrefu, akapanda juu ya benchi la mbao na kuusukuma waya kwa nguvu zake zote. Mara ya kwanza haukutoka. Mara ya pili ukaachia, na Mansur akaanguka majini. Wapangaji walimburuta hadi barazani. Hakuwa akipumua. Lavender alipiga magoti akaanza kumkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti, thelathini, kisha pumzi mbili, kisha thelathini tena, mpaka jasho likachanganyika na mvua usoni mwake. Randu aliomba kimya, na katika maombi yake hakuthubutu kujitaja jina.

Mansur akakohoa.

Alipona, wapenzi wasikilizaji, lakini hakupona mzima. Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Randu alipofika wodini jioni alimkuta Ummi, mke wa Mansur, amekaa kando ya kitanda.

"Shemeji, pole," Randu akasema.

Ummi hakuinua sauti. "Aliniambia alikuuliza kuhusu waya. Nataka kujua ulimjibu nini."

"Nilimwambia umepimwa."

"Na ulikuwa umepimwa?"

"La."

"Mimi nilimkataza asiuguse. Akaniambia, Randu hajawahi kunidanganya." Akamfunika mumewe shuka hadi kifuani. "Nenda nyumbani, Randu. Leo siwezi kukutazama."

Siku ya pili walikuja polisi na maofisa wa umeme. Waya ulikatwa, tuktuk zikazuiliwa. Gedion alikuwa ameshahama, simu haipatikani. Mtu mmoja wa karibu alimshauri Randu amtwike fundi lawama zote. Phoebe alimwambia, "Ukisema uongo mwengine, mimi na Kafedha hutatukuta hapa." Randu akaandikisha ukweli wote.

Ofisa mmoja, mtu mzima mwenye miwani, alimtazama kwa huruma alipomaliza kusoma maelezo yake.

"Bwana Kiponda, hukuwa na haja ya haraka hii. Dorcas na wenzake walipokuja Alhamisi ile, wakuu walikubali. Muda uliongezwa siku mia na themanini, na maombi yote ya mita yakahamishiwa dirisha moja. Tangazo liko ubaoni wiki mbili sasa. Jina lako lilikosekana kwa sababu hukuja kujiandikisha."

Randu aliomba kiti.

Mahakamani alikiri. Alitozwa faini, leseni yake ikafutwa, na msamaha wa ushuru ukaondolewa. Tuktuk ziliuzwa zote sita. Sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa matibabu na fidia ya Mansur. Leo Randu ni dereva wa kuajiriwa wa gari la mikate la Dorcas, gari la umeme, linalochajiwa mahali palipokaguliwa. Mansur hasemi naye. Wakikutana njiani Randu hutoa salamu, Mansur huiitikia kwa sababu dini yake inamwamuru, kisha kila mmoja huenda zake.

Mwezi uliopita maofisa walikuja Changamwe kusikiliza maoni ya wenye biashara. Randu alisimama mbele ya ukumbi uliojaa.

"Mlinipa siku tisini na madirisha manne, na fomu ya matangi ya mafuta," alisema. "Hilo ni kosa lenu, lirekebisheni, maana kuna mwengine mtaani anayetazama nguzo ya umeme saa hii." "Lakini waya niliuvuta mimi. Na mwanamume aliponiuliza kama ni salama, aliyemjibu ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Alikaa, na karani akaandika.

FUNZO

Wenzangu, sheria mpya ikija na neema, isomeni hadi ukurasa wa mwisho kabla ya kuuza mlicho nacho. Mkikwama, semeni mmekwama, tena semeni mkiwa wengi. Randu aliponzwa na aibu zaidi kuliko karatasi. Usalama wa mfanyakazi usiuahirishe hata siku moja, na akikuuliza kama kazi yake ni salama, mwambie kweli hata kama kweli hiyo itafunga biashara. Nanyi mnaotunga sera, kabla ya kumhesabia mwananchi siku, hakikisheni dirisha mnalomtuma liko wazi. Biashara inaweza kuanzishwa upya. Vidole vya Mansur haviwezi.