Nani Anazivika Sindano?

Sindano iliyokwisha kutumika haivikwi tena kifuniko chake. Inatupwa hivyo hivyo uchi ndani ya boksi la njano, basi. Kwa hiyo muuguzi wa chumba cha sindano, ambaye watoto walimpenda wakamwita Mkono Mwepesi, alipochungulia ndani ya boksi asubuhi na kukuta sindano zote zimevikwa, moja moja, kwa upole kama vichanga waliofunikwa shuka, alishtuka mpaka mtoto akamchezea tumboni.

Kesho yake mambo yakawa yale yale. Tena chumba kikaanza kunuka kutu mbichi, na nyuma ya pazia mtu akawa anavuta pumzi taratibu. Alipolifungua pazia, hapakuwa na mtu.

Akamshuku mfagiaji, mama mkimya asiyependa kutazamana na watu machoni. Nani mwingine anayeshika boksi lile? Akawashuku pia wenzake waliomaliza chanjo ya homa ya ini, maana aliona siku hizi wanampa kisogo. Yeye alichomwa ya kwanza tu, zilizobaki akazipiga chenga. Wakimwonya, huwacheka: "Mimi na damu za watu tumezoeana. Hazinifanyi kitu."

Mchana mmoja, wagonjwa walipokwisha, akambana mfagiaji mlangoni.

"Shangazi, niambie tu, sitakusema kwa mtu. Unazivika sindano za nini?"

Yule mama akatazama nyuma yake kwanza. "Mwanangu, mbona ni wewe," akanong'ona. "Nakuona kila siku. Unazitoa, unazivika, huku unaongea. Nikadhani unaongea na mtoto tumboni. Halafu nikasikia unajibiwa, nikaogopa kusema."

Mkono Mwepesi alianza kucheka, akaacha. Akavua glavu, akakitazama kidole gumba cha kushoto, nacho kilikuwa kimetobokatoboka vitundu vya sindano ambavyo hakukumbuka hata kimoja, vingine vibichi vyenye damu, vingine vya zamani vimekwisha kuwa vyeusi, na ile harufu ya kutu haikuwa ya chumba hata kidogo, ilikuwa inatoka mikononi mwake mwenyewe, mikono ile ile aliyopikia, aliyomkumbatia mumewe, aliyolipapasia tumbo kila alipombembeleza mwanawe. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Akaenda kwa muuguzi mkuu huku analia, akamweleza yote. Mkuu wake hakumgombeza. Alimtoa damu, akaipeleka maabara mwenyewe, kisha akarudi akaketi karibu naye na kumshika mkono.

"Unao ugonjwa wa homa ya ini, mdogo wangu. Na haujaingia leo wala jana."

"Na mtoto?"

"Wewe utaanza dawa. Mtoto tutamchanja akitoka tu, kabla hata hujamnyonyesha. Usihofu, tutamuwahi."

Mkono Mwepesi akashusha pumzi. Angalau mtoto. Mtoto akipona, mengine yote yeye atayabeba. Akafungua kinywa ashukuru.

Kabla hajasema neno, sauti ikatoka chini ya kitovu chake, laini, isiyo na haraka, nayo ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Tutaona nani atamuwahi."

Muuguzi mkuu akauachia mkono wake taratibu, akainuka, akaanza kurudi nyumanyuma kuelekea mlangoni.