Kreti Kumi na Nne za Safu ya Tisa

Saa tatu asubuhi, mbele ya wageni arobaini, Subilaga Mwasomola alimimina kinywaji kwenye chupa ya kioo, akaitikisa mpaka povu likapanda shingoni, kisha akaiachia kwenye mdomo wa mfereji. Chupa iliteleza ndani ya ghala ikavuka mstari mweupe wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kadiri ilivyokwenda ndivyo mwendo wake ulivyozidi kupungua, kana kwamba hewa ya mle ndani ilikuwa asali. Ilipogusa safu ya tisa ilionekana imeganda. Wageni waliambiwa waende wakapumzike, warudi baada ya siku tatu. Waliporudi, povu lilikuwa bado liko shingoni. Mwalimu mmoja mstaafu alivua kofia akasimama mbele ya kioo cha mlango, na wenzake walipoondoka yeye alibaki.

Hilo ndilo lililoitwa ghala-subira, lililochimbwa ndani ya mwamba kwenye mteremko wa mlima Rungwe. Mitambo iliyofukiwa chini yake ilipunguza kasi ya wakati. Katika safu ya kwanza wakati ulichelewa kidogo tu, lakini katika safu ya tisa dakika moja ilikuwa sawa na miezi mitatu na ushei ya nje.

Lilijengwa kwa ajili ya safina, chombo ambacho kingebeba watu mia tatu kwenda kwenye sayari ya jua jingine, safari ya miaka sitini. Wasafiri wangelala usingizi wa baridi kwa zamu. Anayeamka kwenye usingizi huo misuli yake huwa imelegea na tumbo lake halipokei chakula kigumu, kwa hiyo hupewa kinywaji cha protini kilichoitwa kijenzi: maziwa, soya, karanga za kusaga na ndizi mbivu. Unga wa makopo ulijaribiwa, lakini baada ya miaka ishirini protini yake iliharibika na miili ikaikataa. Ilibidi vijenzi vyote viandaliwe mapema, vikiwa vibichi, na kutunzwa. Tena ilibidi viandaliwe wakati huohuo, ingawa safina yenyewe ingekamilika baada ya miaka kumi na mitano, kwa sababu joto lilikuwa likipanda na malisho ya Rungwe yalikuwa yakipungua kila msimu. Maziwa mazuri yaliyobaki yalikuwa ya miaka ile. Safina ikikamilika, ghala zima na mitambo yake lingeng'olewa kwenye mwamba na kupakiwa humo bila kuzimwa.

Subilaga alikuwa mkuu wa waandaaji. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mwanamke mwembamba mwenye haraka katika kila jambo. Mumewe, Gwamaka, alikuwa fundi wa mabomba ya maji mjini. Binti yao wa pekee, Lugano, alikuwa na miaka tisa. Kwa miaka mitatu Subilaga alipima, akachanganya, akaonja, akatia sahihi yake kwenye kila kundi la chupa, na kreti zikateleza kwenda gizani moja baada ya nyingine.

Kisha, katika ukaguzi wa mwisho wa sampuli zilizowekwa akiba, kipimo kilionyesha sumukuvu. Ilitoka kwenye gunia moja la karanga. Sumu hiyo ya ukungu haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na huharibu ini polepole, hasa ini la mtoto. Karanga za gunia lile zilikuwa zimeingia kwenye kreti kumi na nne, na zote zilikuwa safu ya tisa, akiba ya mwaka wa mwisho wa safari.

Subilaga alilikumbuka gunia lile. Kanuni ilitaka achote karanga za juu, za katikati na za chini. Siku ile shule ilikuwa imempigia simu kwamba Lugano ana homa. Alichota za juu tu, akatia sahihi, akakimbia.

Alimweleza hivyohivyo Daktari Nsajigwa, mhandisi mkuu wa ghala, bila kujitetea. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho. Roboti hazikuweza kwenda, alisema, kwa sababu zikivuka mstari kichwa huwa katika wakati mmoja na miguu katika wakati mwingine, hesabu zao zinagongana na zinazima. Mwili wa binadamu hustahimili, kwani moyo hudunda bila kuuliza saa. Mfereji nao ulikuwa wa kushusha tu. Njia pekee ilikuwa mtu mmoja aingie na kigari cha kusukuma kwa mikono, azitoe kreti zile, na mpya, zikiwa zimengojea safu ya nane, zingeteleza kuziba nafasi. Kwenda na kurudi ni dakika arobaini. Nje itakuwa miaka kumi na moja.

Kulikuwa na waliopendekeza iandikwe barua ya onyo iwekwe ndani ya safina. Subilaga aliwaambia kwamba baada ya miaka sitini, mama ambaye mtoto wake analia njaa na hana kingine cha kumpa hatasoma barua. Daktari Nsajigwa akapendekeza waandaaji wote tisa wapige kura ya nani aingie.

“Sahihi ni yangu, Daktari,” Subilaga alisema. “Nikimpeleka mwingine, nitamwangaliaje mwanawe?”

Nyumbani alisema mchana, wakiwa mezani. Gwamaka aliweka kijiko chini. Aliuliza swali moja tu: kama anaweza kutembea haraka. Lugano alitaka kujua mama ataona nini akiwa ndani. Subilaga alikiri kwamba hajui, kwani hakuna aliyewahi kwenda mbali kiasi hicho.

“Basi mimi nitakuja mlangoni kila siku,” mtoto alisema. “Labda utaniona.”

Aliingia siku ya Jumatatu. Alivuka mstari wa kwanza akisukuma kigari, na masikio yakaziba kidogo kama mtu anayeshuka mlima. Kwenye mstari wa tano alihisi baridi usoni. Alipovuka wa tisa aligeuka kutazama mlango, ambao kioo chake kilielekea mashariki kwenye mteremko.

Jua lilikuwa linaruka. Lilichomoza na kupotea, likachomoza tena, mara tatu katika kila sekunde mbili, mpaka mchana na usiku vikawa mwanga mmoja wa kijivu unaotetemeka. Mteremko wote ulikuwa unapumua: ukageuka kijani, ukanyauka, ukawa kijani tena. Mvua nzima za masika zilipita kwa muda usiotimia dakika moja. Subilaga alijikuta analia bila huzuni. Alikuwa anauona mwaka kama vile mtu anavyoiona ndege ikipita.

Alishika kreti ya kwanza. Alisoma namba, akainua, akapakia. Kila pumzi ilikuwa siku kadhaa za mtu mwingine.

Alipopakia ya nne, alitupa jicho mlangoni akaona kitu ambacho hakikuwapo. Mbele ya kioo kulikuwa na benchi, na juu ya benchi vivuli viwili, kimoja kipana na kimoja kidogo, hafifu kama mvuke juu ya chungu. Aliyepita mara moja asingeonekana kabisa. Waliokuja mahali palepale, saa ileile, siku baada ya siku, ujio wao ulikuwa umejikusanya ukawa umbo. Aliinua mkono kuwapungia, kisha akakumbuka kwamba kwao mkono ule ungechukua siku kadhaa kupanda, akaurudisha haraka kwenye kreti.

Kila alipotazama, kivuli kidogo kilikuwa kimerefuka.

Alikuwa ameinua kreti ya tisa alipoona kwamba kivuli kipana hakipo.

Alisimama. Alisubiri pumzi moja, mbili, tatu. Benchi lilikuwa na mmoja tu. Huenda Gwamaka alikuwa anaumwa. Huenda alikuwa amekufa na kuzikwa, na matanga yalishapita wakati yeye akisoma namba ya kreti. Miguu yake ilitaka kukimbia, na hakuna ambaye angemzuia. Zilibaki tano. Aliwawazia watoto wasiozaliwa bado, ambao hatawahi kuyajua majina yao, wakishika chupa kwa mikono miwili. Akapakia ya tisa. Akainua ya kumi. Alifanya kazi kwa kasi ambayo hakuwahi kuifanya maishani, na jasho likamwingia machoni hata hakuona tena vivuli, wala jua.

Alitoka baada ya dakika thelathini na sita. Jua liliacha kutetemeka, likapunguza mwendo, likawa linachomoza na kupotea polepole zaidi kwa kila mstari, na alipovuka mstari wa kwanza lilikuwa limetulia mahali pamoja.

Mlangoni alisimama msichana mrefu aliyesuka nywele, mwenye paji la uso la Gwamaka.

“Shikamoo, mama.”

Subilaga aliitikia marahaba. Alimgusa mabega, akamgusa mashavu. Ilimbidi anyanyue uso kumtazama mtoto ambaye nusu saa tu iliyopita alikuwa amemwinamia kumfunga kifungo cha sweta.

“Baba?” aliuliza.

Lugano hakumficha. Alisema baba yuko hai, yuko Kyela. Alikuja mlangoni kila siku kwa miaka sita na nusu, halafu siku moja akasema hawezi tena kukaa mbele ya mke ambaye kuinua mkono tu kunamchukua siku kadhaa. Sasa alikuwa na mke mwingine na watoto mapacha. Lugano alikuwa amekwenda kuishi kwa shangazi yake, karibu na ghala.

“Alilia sana siku aliyoondoka,” alisema. “Usimchukie.”

Subilaga alitafuta chuki moyoni, hakuipata. Kwake ilikuwa bado ni Jumatatu ileile. Alimwona Gwamaka akiweka kijiko chini, akiuliza kama anaweza kutembea haraka, na akajua kwamba alikuwa ametembea haraka kadiri ya uwezo wake, na haikutosha.

Daktari Nsajigwa hakuwapo, alishastaafu. Vijana asiowajua walikipokea kigari kwa heshima, wakazihesabu kreti, na mmoja akamwambia kwamba mpya tayari zimeanza kuteleza. Walitaka kumpeleka kwa madaktari. Aliomba wamwache kidogo.

Alikaa kwenye benchi na Lugano akakaa pembeni yake. Msichana alisema kwamba miaka yote ile alikuwa anamsimulia kupitia kioo: shule, ugomvi na marafiki, mwaka ambao mvua hazikuja. Alijua hasikiki.

“Sijui nianzie wapi sasa,” alisema.

“Anzia siku ile niliyoingia,” mama alisema. “Usiruke hata siku moja.”

Lugano akaanza. Subilaga alimsikiliza akiwa amemshika mkono, na mara kwa mara alitazama kivuli cha mlingoti wa bendera pale uwanjani. Hakikusogea. Alisubiri, binti yake akisimulia, na bado hakikusogea, na akastaajabu jinsi dakika moja ilivyo ndefu.