Chupa Iliyofunguliwa Nje

"Malachite. Malachite."

Sauti ya redio ya Motorola, ndani ya sikio la Falonne. Neno moja, maana moja: muuaji ameisha kuingia.

Falonne hakugeuza kichwa. Saa nane ya mchana, salle ya parokia, ukumbi wa mikutano katika commune ya Kenya, mjini Lubumbashi. Alikaa mstari wa mbele kama mlinzi, bastola ya Browning chini ya pagne, kitenge chake.

Mezani, juu ya jukwaa, Onésime alipanga karatasi za hotuba yake. Miaka ishirini alikuwa juge, hakimu wa mahakama. Malori ya shaba ya magendo yalipoletwa mbele yake, aliweza kuwafunga madereva tu. Sasa anatafuta kiti cha député bungeni, ili sheria iwafikie na wakubwa wao.

Wakubwa hao walikuwa wametuma mtu.

"Iko nani?" Falonne alinong'ona kwenye redio.

"Sura hatujue. Njo ule alimaliza Anaclet."

Falonne alilijua jina hilo. Anaclet, mwandishi wa tribunal, mahakama ya Onésime. Falonne ndiye aliyemlinda. Aligeuka kidogo kujibu simu. Alipogeuka tena, glasi ya sumu imelala, na Anaclet anamtazama bila kupumua.

Macho hayo hayajamwacha. Hata sasa Anaclet alikaa kwenye kiti kitupu karibu na dirisha. Falonne alijua hakuna mtu pale.

Alikuwapo.

Bwana wa shati jeupe akapanda jukwaani na sinia, juu yake chupa ya soda.

"Papa Juge, sucré ya baridi. Sauti isikauke."

"Aksanti, kaka."

Chupa ilikuwa wazi.

Lubumbashi, hata kwenye arusi ya maskini, chupa inafunguliwa mbele ya macho ya mnywaji. Hii ilifunguliwa nje.

Onésime aliona pia. Lakini watu mia tatu walimtazama, na kukataa kinywaji chao ni kuwatukana. Akaiinua.

"Papa, ngoja!" Falonne ameisha kufika. "Mwenye kuleta njo anaonjaka."

"Iko bile, njo desturi!" mama mmoja akapiga kelele. "Onja, kaka! Ao uliweka bwanga, sumu?"

Salle ikacheka.

"Mi sinywake sukari."

"Hata kidogo?" Falonne akauliza.

Jasho. Mkono wa bwana ukaelekea mfukoni.

Mdomo wa Browning ulikuwa tayari kwenye mbavu zake. Kicheko kikakatika. Pale dirishani, Anaclet alingoja. Kidole cha Falonne kikajikunja kwenye kifyatulio.

"Mama Falonne." Onésime alisema polepole. "Anaclet nilimuzika na mikono yangu. Ukiua huyu, ule alimutuma atalala muzuri. Mi nataka aseme jina mbele ya juge."

Sekunde moja.

Mbili.

Kidole kikatoka.

"Mukuye na menotte, mumufunge mikono," alisema kwenye redio. "Iko muzima. Na chupa muifunge, muandike saa."

Waliposhuka naye, Onésime aliwasha micro. Akaanza hotuba yake. Falonne alitoka kwa mlango wa nyuma, hakungoja makofi.

Barabarani motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, alimwangalia usoni, akapunguza moto.

"Pole, mama. Unatoka ku kilio ya mufu?"

Falonne akapanda, akatengeneza pagne yake.

"Leo, apana. Twende."