Naacha Philomène, Nakamata Odile

Ba dada, mukae chini kwanza. Hii habari ya Philomène haisemwe na mutu mwenye kusimama.

Ilianza ku Kisangani, mu magazini moja ya kuuza vyombo karibu ya marché central, batu banasukumana, radio inalia, jasho inashuka mu shingo. Désiré, ule photographe wa commune ya Tshopo, chemise nyeupe na bic tatu mu mufuko, alikuwa ameinama juu ya catalogue ya kamera za video sawa mutu mwenye kusoma karatasi ya hospitali. Alitaka kuanza kukamata ndoa za batu na video. Lakini kamera zote zilifanana: CV-20, CV-20 P, CV-20 O, CV-200. Na zilikuwa zinatokea Goma. Ukikosea, hakuna kurudisha.

"Nitakamata 200," alijisemea. "Nambari kubwa njo muzuri."

"Citoyen," sauti ilisema nyuma yake, "na viatu, unanunuaka nambari kubwa?"

Alikuwa Philomène, libaya ya kijani, nywele za uzi zimesimama, syllabus ya université chini ya kwapa. Aliinama, akasoma maandishi madogo. 200 ilikuwa ya mwaka uliopita. Ile 20 njo mupya. P na O, hata yeye hakuelewa. Bakachagua P, juu ya vile ilikuwa nyepesi. Kutoka ile siku Désiré hakumuita tena jina yake. Alimuita mwalimu yangu. Miezi sita ya kula liboke ya samaki ku bord ya fleuve, miezi sita ya kucheka.

Alafu papa yake Philomène, papa Wenceslas, mutu wa Serikali, akapata mutation, kazi yake ihamie Mbandaka. Bateau ilikuwa ya samedi, jumamosi. Alisema neno moja tu, pole pole, sawa mutu anapiga cachet juu ya karatasi: Désiré akikuya kujionyesha mbele bateau itoke, Philomène anabakia kwa tante Adèle, amalize masomo. Asipokuya, anapanda na benzake.

Désiré alikuwa na billet ya ndege ya Goma mardi. Aliapa samedi asubui atashuka ku aéroport ya Bangboka, na kama ndege haiko, atakuya kwa miguu.

Jeudi, ku Goma, commerçant mumoja, Paluku, alimufungulia macarton. Njo pale Désiré aliona maana ya zile herufi. P inakula kaseti ndogo, yenye haiingie mu mashini za video za batu ya Kisangani. O inakula ile kubwa, ya kila siku. Alikimbia ku phonie, ile radio ya kutuma habari mbali, akaomba bamwambie Philomène: naacha P, nakamata O, narudi samedi. Phonie ilikuwa inakwaruza. Mutu wa phonie akapiga kelele vile banafanyaka bote: P comme Philomène! O comme Odile! Majina ya kizungu ilikatazwa mu karatasi za Serikali, lakini mu phonie hakuna herufi inapita bila jina. Ku Kisangani ule mwenzake alisikia nusu, akaandika:

DÉSIRÉ ANAACHA PHILOMÈNE. ANAKAMATA ODILE. BANARUDI SAMEDI.

Na Odile alikuwa mutu. Yeye na Philomène banalalaka mu chumba kimoja ku université, na lundi, siku moja mbele ya Désiré, alipanda ndege ya Goma na pagne mupya, bila kusema anaenda kwa nani. (Alienda kungolewa jino. Alikuwa na haya.)

Philomène alisoma ile karatasi mwenye kusimama, alafu mwenye kukaa. Alirudia ku phonie mara mbili. Bakamwambia Goma haishikike. Sombe ilipoa mu sahani, akaifunika. Picha zote za Désiré alizitia mu enveloppe, akamupatia tante Adèle bila kumuangalia. Aliweka na libaya ya kijani chini kabisa ya valise, akakunja zingine juu yake, sawa mutu anazika. Mama yake alimuuliza kuko nini. Akasema: nitapanda.

Samedi ndege ilichelewa. Désiré alitoka Bangboka juu ya camion ya bière, carton mu magoti, anaomba Mungu na chauffeur pamoja. Ku port, mbuzi, magunia, kwanga, mama moja anatukana mutu mwenye kumupa mugongo. Sirène ya kwanza ya bateau ikalia. Akapita batu na bega, akafika ku ubao wa kupandia. Philomène alikuwa pale juu, macho kavu, mubaya kuangalia.

"Umemuacha wapi?"

"Nani?"

Akamutupia karatasi. Désiré aliisoma. Midomo yake ikabadilika rangi. Hakucheka. Alipasua carton na meno, akageuza kamera ubavu: CV-20 O.

"Odile yako njo huyu. Kilo mbili na nusu."

"Kila mutu anaweza kununua carton, Désiré."

"Weka jicho hapa. Nakuomba, Philo. Jicho moja tu."

Aliweka. Mu kile kioo kidogo, bila rangi, alimuona Désiré mu magazini ya Paluku, kaseti mbili mu mikono. Ku casque ya masikio sauti ikatoka: "Mwalimu yangu, angalia. Hii ya P haiingie mu video ya papa yako. Hii ya O inaingia. Donc naacha P, juu papa kule Mbandaka aone…"

Kioo ikawa nyeusi.

Sirène ya pili. Philomène hakutoa jicho.

"Aone nini?"

"Batterie imekufa."

"Siulize batterie. Nauliza wewe."

Papa Wenceslas alikuwa nyuma ya mutoto wake, koti ya abacost imefungwa mpaka shingo, mashini yake ya video imefungwa mu blanketi, anaibeba yeye mwenyewe. Désiré alimuangalia yeye, akajibu Philomène.

"Aone ndoa yetu. Juu hatakuwa pale."

Matelot mumoja wa bateau akaanza kufungua kamba. Alafu papa akasukuma valise ya Philomène na muguu, pole pole, mpaka ikagusa kiatu ya Désiré.

"Ile kaseti ya ndoa," alisema, "mutamupatia mutu mukononi, aniletee. Kwa phonie, hapana."

Bateau ilitoka. Philomène alilia kwa sauti, njo mara ya kwanza kutoka jeudi, mukono moja unaaga mama yake, ule mwingine umemukamata Odile ku kifua.