Batri ya Chola

Haya yalimpata rafiki yangu Mukuka wa Chileshe, wa mtaa wa Kamalondo, mwaka 1974. Motokari yake ya Peugeot ilikuwa na vipaza sauti vinne vikubwa, na batri moja haikuvitosha. Alipoitwa kupiga muziki arusini, alichomoa batri ya jirani yake Chola bila kumwambia. Siku hiyohiyo Angélique, mke wa Chola, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Motokari ya Chola haikuwaka, naye mama akafia njiani, akibebwa mikononi.

Siku ya tatu ya matanga Chola alimjia. “Mukuka, lete muziki. Bibi yangu alikuwa anapenda kucheza. Bevi baliiba batri yangu, yako iko?”

“Iko, ndugu,” alijibu mwizi mwenyewe, macho chini.

Aliingia kwenye gereji yake yenye giza, ilimokuwa motokari. Hakuthubutu kumpigia Angélique muziki kwa batri iliyomuua. Alizifungua nyaya, akazitoa batri zote mbili, maana gizani hakutambua ipi ni ya Chola, akaziweka sakafuni. Ndipo akasikia mtu akihema kwa haraka, kama mwanamke mwenye uchungu, akinyamaza, akihema tena. Akapapasa hadi kwenye kipaza sauti, akaweka kiganja. Karatasi yake ya mbele, itoayo sauti, ilikuwa na joto, nayo ilituna na kunywea chini ya mkono wake.