Treni Isiyopokelewa

Jua lilikuwa linazama na viti havitoshi. Mwalimu Mkuu, mama mwenye nyumba, aliwatazama wageni wake kwa tabasamu huku moyoni akijilaumu. Wakwe watarajiwa wa binti yake walisema watakuja wachache. Wamekuja nusu ya ukoo.

"Kalete viti vya stoo," alimnong'oneza binti yake.

"Mama, mimi mle siingii."

Basi akaenda mwenyewe.

Stoo ilikuwa uani. Zamani kilikuwa chumba cha mdogo wake, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Gadi. Alikuwa akipaka grisi magurudumu ya treni ya mizigo, ile iliyoshusha pamba na mahindi na kurudi na saruji na chumvi, mpaka malori yakainyang'anya mzigo, na reli ikang'olewa ikauzwa kama chuma chakavu. Wenzake walitafuta kazi nyingine. Gadi alijifungia akaijenga upya reli yote juu ya meza, kwa makopo na waya: stesheni, daraja, mabehewa, hata zile nguzo za ishara, zenye mkono wa kuinuka na kushuka kuongoza treni. Mtu mzima na ndevu zake. Jioni akipuliza filimbi yake, majirani, ambao midomo yao haina likizo, walisema kile chumba ni kilinge, na kwamba mabehewa yale yanapakia roho za watu.

Mwalimu aliona aibu. Cheo chote kile, halafu ndugu wa tumbo moja anaitwa mchawi wa makopo. Wakwe walipokuja mara ya kwanza, Gadi alikatiza sebuleni na koleo mkononi. Mama wa bwana harusi akauliza, "Huyu nani?"

"Fundi bomba," alijibu Mwalimu.

Gadi alimtazama mara moja tu. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu. "Nimemaliza, mama," akasema, akatoka. Mama! Dada yake wa damu. Haukupita muda homa ikamchukua, mle mle stoo.

Mwalimu alisukuma mlango. Vumbi. Mwanga wa magharibi ulikuwa umebaki kidogo dirishani. Akanyoosha mkono kuchukua kiti cha kwanza...

Tk... tk... tk...

Nyaya za umeme za meza ile alizikata mwenyewe siku ya mazishi. Lakini kule mwisho kitu kilikuwa kinatambaa, polepole, kizito kupita ukubwa wake. Harufu ilimfikia kabla ya macho kuona. Grisi, na breki za chuma zilizoungua.

Treni ya mizigo ilivuka daraja. Ikapunguza mwendo. Ikasimama nje ya stesheni, kwenye ishara.

Kengele ndogo ikalia.

Ting.

Kengele ile aliijua. Walipokuwa wadogo, baba yao akiwa bwana stesheni, walicheza mchezo huu sakafuni. Treni haiingii stesheni mpaka stesheni iipokee. Kengele ikilia, aliye mbele hujibu, "Nimekupokea, ingia." Asipojibu, treni inakaa nje, mvua inyeshe au jua liwake. Gadi ndiye aliyekuwa akileta treni. Dada yake ndiye aliyekuwa akipokea.

Ting.

Alifungua kinywa. Hapo hapo kicheko cha wageni kikasikika kutoka sebuleni, naye akawaza: watanisikia nikiongea na makopo. Akabeba viti, akatoka mbio.

Sebuleni chai ilikuwa imemiminwa. Mjomba wa bwana harusi, mzee mcheshi, alikuwa amekolea.

"Kwetu sisi mjomba mtu ndiyo mimi hapa, na kitambi changu ndiyo kitambulisho," alisema. "Upande wenu je? Mjomba wa binti yuko wapi, tufahamiane?"

Mwalimu aliviweka viti chini. Alitaka kusema, Mungu ni shahidi: alikuwepo, alikuwa mtu wa reli, nami nilimkana hapa hapa.

Mlango wa mbele ukagongwa. Taratibu.

"Hodi..." Sauti ya chini, yenye kikohozi. "Dada... nipokee."

Kikombe kilimponyoka binti. Akamshika mama yake mkono kwa nguvu. "Mama," alinong'ona, "hiyo ni sauti ya mjomba."

Wageni wote walikuwa wanamtazama Mwalimu. Harufu ya breki ilipenya chini ya mlango.

"Binti yangu hana mjomba," alisema, kwa sauti ile ya paredi ya asubuhi shuleni. "Mimi sikuzaliwa na ndugu."

Nje kikohozi kikasikika mara moja.

"Samahani, mama," sauti ikasema. "Nimekosea nyumba."

Mjomba wa bwana harusi alipofungua, baraza ilikuwa tupu. Akasema watu wa siku hizi hata namba za nyumba hawasomi. Wakacheka, mazungumzo yakaenda vizuri. Mwalimu naye alicheka. Aliona aibu, na safari hii haikuwa aibu ya Gadi. Ilikuwa yake.

Wageni walipoaga, alirudi stoo. "Nimekupokea," alisema. "Ingia, mdogo wangu." Akarudia huku analia. Juu ya meza palikuwa na stesheni, daraja na reli. Treni haikuwepo.

Asubuhi alikuwa anaanika nguo. Jirani mpya, mjane aliyehamia juzi juzi, akamwita kutoka ng'ambo ya ukuta.

"Mwalimu, jana magharibi nimepata mgeni. Kaka mmoja mpole, kaniomba nimpokee. Nikamwambia karibu, ingia. Usiku kucha yuko chumba cha nyuma, anagonga gonga vibati." Alitabasamu, lakini tangu aanze kusema hakuwa amepepesa macho. "Anasema ana dada mtaa huu, ila dada mwenyewe kamkataa mbele za watu. Wewe ni mwenyeji. Huyo dada unamfahamu?"

Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, vidole vyeusi kwa grisi vilikuwa vimeshika fremu.

Vinasubiri.

Mwalimu alivitazama. Kusema ndiyo kulikuwa kusema ni mimi.

"Hapana," alisema. "Simfahamu."

Vidole vikaiachia fremu, kimoja kimoja. Jirani akashukuru, akaingia ndani, na mlango wa jikoni ukafungwa.